Bima ya Mwajiri na Mwili wa Mfanyakazi

Mfanyakazi wa Marekani apatapo kazi yenye bima ya afya hupewa kijitabu. Ni kijitabu kinene, chenye maneno ya wanasheria, na kwa kawaida hakisomwi mpaka siku ya taabu. Karibu na mwisho wake pana orodha ya mambo ambayo bima haitalipa. Humo, pamoja na kunyoosha pua kwa ajili ya urembo, mara nyingi hukutwa mstari mmoja usemao kwamba upasuaji wa kupunguza unene haumo katika mkataba. Mstari huo hausemi kwamba daktari akiona ni lazima basi shauri litatazamwa upya. Haumwulizi mtu ana kisukari au hana. Husema haumo, kisha huendelea na jambo lingine.

Twaandika leo juu ya mstari huo, nasi twajua kwamba wasomaji wetu wengine watastaajabu. Unene na haki ya mfanyakazi, wapi na wapi? Kwa miaka mingi wachoraji wa magazeti yetu walimchora bepari akiwa na kitambi, saa ya mnyororo na sigara kubwa mdomoni, na mfanyakazi wakamchora mbavu nje. Hata mitaani kwetu mtu akinenepa huambiwa mambo yamemnyokea. Picha hiyo ilikuwa na maana yake mahali pake. Katika Marekani ya leo imepinduka. Huko mwenye chuo kikuu na mshahara mnono hupata nafasi ya kukimbia asubuhi na kununua mboga mbichi, na mama afanyaye kazi mbili hula kile kinachouzwa usiku kwa bei ndogo, nacho kimejaa sukari na mafuta. Kwa hesabu ya serikali yao, iliyofanywa kati ya Agosti 2021 na Agosti 2023, watu wazima 40 katika kila 100 walikuwa na unene wa kuhesabiwa ugonjwa, na 9 katika kila 100 walikuwa na unene uliokithiri. Na miongoni mwa wanawake weusi, hesabu ya miaka ya 2017 na 2018 ilionyesha karibu 57 katika kila 100. Methali yetu yasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Huko aliyeshiba vema ni mwembamba, naye hamjui mnene.

Yafaa kwanza kueleza upasuaji wenyewe, maana wako wadhanio kwamba ni kukata mafuta tumboni kama mchinjaji akatavyo nyama. Sivyo. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha Iowa, daktari Edward Mason pamoja na mwenzake Chikashi Ito walibuni njia ya kuugawa mfuko wa tumbo, wakaacha sehemu ndogo tu ipokee chakula, na sehemu hiyo wakaiunganisha na utumbo. Tangu hapo njia zimeongezeka. Iliyoenea zaidi siku hizi ni ile ya kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo na kuacha bomba jembamba. Mtu hula kidogo, na hata njaa yake hubadilika, kwa sababu tumbo na utumbo ndivyo vitumavyo habari za njaa na shibe katika ubongo. Wagonjwa wengi wa kisukari huona sukari yao ikishuka hata kabla uzito haujapungua sana.

Mwaka 1991 wataalamu walioitwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliweka kipimo cha nani afaa kupasuliwa. Walitumia uwiano wa uzito na urefu, nao walisema mtu afikapo 40 anafaa, au 35 ikiwa tayari ana maradhi yaletwayo na unene. Kwa mtu wa urefu wa mita 1.70, kipimo cha 40 ni kilo 116 hivi. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huo viliteremsha kipimo hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Katika nchi ya Sweden, ambako wagonjwa walianza kufuatiliwa tangu mwaka 1987, ilionekana mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao wasiopasuliwa. Mwaka huo huo uchunguzi wa Utah, huko huko Marekani, ulionyesha kwamba vifo vya waliopasuliwa vilipungua kwa asilimia 40, na vifo vya kisukari karibu vilikoma. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Marekani kilitangaza kwamba unene ni ugonjwa.

Basi dawa ipo, na ushahidi upo. Tuulize mstari ule katika kijitabu watoka wapi.

Watoka katika historia ya nchi ile, na historia hiyo yahusu wafanyakazi kuliko madaktari. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mwaka 1942, serikali ya Marekani ilizuia mishahara isipande. Wenye viwanda waliohitaji mikono ya watu hawakuweza kuwavuta kwa fedha, lakini waliruhusiwa kuwavuta kwa bima. Vita vilipokwisha Rais Truman alitaka, mwaka 1945, bima ya afya ya taifa zima. Chama cha Madaktari kilimpinga kwa nguvu na kwa fedha nyingi, na mpango ukafa. Vyama vya wafanyakazi vilivyokuwa vimeutaka mpango huo vilirudi kiwandani kudai kwa mwajiri kile ambacho Baraza la Congress lilikataa kutoa. Mwaka 1950 chama cha wafanyakazi wa magari, kikiongozwa na Walter Reuther, kilipatana na General Motors kwamba kampuni ilipe nusu ya gharama ya bima. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hautozwi kodi. Hivyo ndivyo afya ya mfanyakazi ilivyofungwa kwenye kadi yake ya kazi.

Hatuwalaumu wale wa mwaka 1950. Walishika kilichopatikana. Lakini mtu akifungiwa tiba yake mkononi mwa mwajiri, mwajiri huweza kuufungua na kuufumba mkono huo. Septemba 2019, wafanyakazi wa General Motors wapatao 49,000 walipogoma, kampuni ilitangaza kwamba haitalipa tena bima yao siku za mgomo. Kelele zilipokuwa nyingi ikarudisha baada ya siku chache. Siku chache hizo zatosha kufundisha.

Sasa tutazame hesabu ya mwajiri na ya kampuni ya bima, maana hapo ndipo kiini cha jambo. Upasuaji huu hugharimu Marekani kiasi cha dola 15,000 hadi 25,000. Fedha hiyo hutoka yote mwaka mmoja. Faida yake huja polepole, miaka mitano, kumi, ishirini baadaye: figo lisiloharibika, mguu usiokatwa, moyo usiosimama. Lakini wizara ya kazi ya nchi hiyo ilihesabu Januari 2024 ikaona kwamba nusu ya wafanyakazi wameshakaa na mwajiri wao kwa muda usiofika miaka minne. Basi alipaye leo hatakuwapo kuvuna. Faida itachumwa na mwajiri mwingine, au na serikali mfanyakazi akizeeka. Mwenye hesabu za fedha, akikaa peke yake na karatasi zake, huona kwamba ni nafuu kumwachia mwenzake mzigo. Na mwenzake naye huona vivyo hivyo. Hakuna katika hao aliye mwovu kupita wengine. Kila mmoja atimiza kazi aliyoajiriwa kuifanya, na mgonjwa hubaki katikati yao kama mpira.

Hapa pana jambo ambalo kila mwanachama wa chama cha wafanyakazi, popote alipo, yampasa kulitia moyoni. Serikali ya Marekani ina bima yake kwa wazee wa miaka 65 na zaidi, iliyoanzishwa mwaka 1965. Bima hiyo tangu Februari 2006 yalipa upasuaji wa unene kwa mtu mwenye kipimo cha 35 na maradhi yanayoambatana. Bima ya maskini, ambayo kila jimbo huiendesha pamoja na serikali kuu, nayo huulipa katika majimbo mengi. Watumishi wa serikali kuu wanaupata katika bima zao. Basi ni nani akosaye? Mara nyingi ni yule mwenye kazi katika kampuni, alipaye mchango kila mwezi ukikatwa katika mshahara, asiye maskini wa kutosha wala mzee wa kutosha.

Yako yaliyo machungu zaidi. Bima ile ya wazee huwapokea pia watu wasiofika miaka 65 ikiwa wamekuwa walemavu wasioweza kufanya kazi na wamelipwa fidia ya ulemavu kwa miezi 24. Maana yake ni nini? Mbeba mizigo wa ghala ambaye magoti yake yanamwuma na sukari yake inapanda hawezi kupasuliwa akiwa bado kazini, kwa sababu kijitabu chasema haumo. Akivunjika kabisa, akaacha kazi, akathibitishwa kwamba hafai tena, akangoja miaka miwili, ndipo mlango hufunguka. Afya ambayo ingemweka kazini huja baada ya kazi kumtoka. Hatujui neno la upole la kuuita mpango wa namna hiyo.

Wengine watasema: kwani hakuna sheria? Ipo, na yafaa tuieleze vema kwa sababu ndani yake ndimo walimokwama wengi. Sheria ya Rais Obama ya mwaka 2010 ilitaka bima zinazouzwa kwa mtu mmoja mmoja na kwa kampuni ndogo zilipe huduma za lazima, lakini iliyaachia majimbo yachague mfano wa huduma hizo. Karibu nusu ya majimbo yalichagua mfano wenye upasuaji wa unene, na mengine mfano usio nao. Kwa hiyo mtu akivuka mpaka wa jimbo huvuka pia mpaka wa tiba. Kampuni kubwa nazo zina kichaka chao. Nyingi hazinunui bima. Hulipa matibabu kutoka mfuko wao zenyewe, na kampuni ya bima huajiriwa tu kuandika hundi. Mifuko hiyo huongozwa na sheria ya taifa ya mwaka 1974, na sheria za bima za majimbo haziigusi. Zaidi ya nusu ya wafanyakazi wenye bima za kazini wamo katika mifuko ya namna hiyo. Bunge la jimbo laweza kupitisha sheria nzuri, likapigiwa makofi, na mfanyakazi wa kiwanda kikubwa asipate hata tone.

Ndiyo sababu mfanyakazi aliyekataliwa yampasa ajue amekataliwa kwa namna gani, maana ziko namna mbili na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni pale ambapo mkataba unalipa upasuaji lakini bima yasema mtu huyu hastahili: hajafuata mlo chini ya uangalizi kwa miezi sita, au karatasi za daktari hazikutimia. Huyu ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 180, na akishindwa huko shauri lake laweza kupelekwa kwa mwamuzi wa nje asiyetegemea bima. Barua ya daktari, hesabu ya uzito ya miaka iliyopita na orodha ya dawa zilizojaribiwa ni silaha zake, na wako wengi washindao. Sharti lile la mlo wa miezi sita, tuseme pia, hata madaktari wa upasuaji wamelipinga kwamba halina msingi wa utaalamu. Kazi yake kubwa ni kumchosha mtu.

Namna ya pili ni ule mstari wa kijitabuni. Hapo rufaa ya kitabibu haina meno. Mwamuzi wa nje hupewa mamlaka juu ya maamuzi ya udaktari, na mstari ule hauna udaktari ndani yake. Ni sharti la mkataba. Mtu aweza kuleta barua za madaktari kumi na jibu likawa lile lile. Wako waliopoteza mwaka mzima wakigonga mlango huu, ambapo mlango wenyewe uko upande mwingine wa nyumba, yaani ofisini kwa mwajiri. Kampuni ilipayo kutoka mfuko wake yaweza kuufuta mstari huo kwa kalamu. Kwa sheria mfanyakazi ana haki ya kupewa maelezo kamili ya mpango wake akiyaomba kwa maandishi. Na ayaombe, asikubali muhtasari wa karatasi mbili.

Lakini mtu mmoja kwenda ofisini kwa mwajiri kuzungumza habari ya mwili wake ni jambo gumu. Aliye mnene amezoea kuchekwa. Ataulizwa kwa nini hali kidogo. Atarudi mezani pake na kila mtu amekwisha jua. Hapo ndipo ilipo kazi ya chama cha wafanyakazi, kwa kuwa chama huweza kusema "wanachama wetu" bila kumtaja mtu. Kifungu cha bima ni jambo la kujadiliwa mezani kama vile saa za kazi na mshahara. Na hapa yatubidi tuseme kweli hata kama yatuuma. Iko mifuko ya bima ambayo kwa sheria ya mwaka 1947 huongozwa nusu kwa nusu na wajumbe wa waajiri na wajumbe wa wafanyakazi. Mifuko hiyo nayo yaweza kuwa na mstari ule ule. Mahali penye mstari huo, kuna mjumbe wa wafanyakazi aliyeutia sahihi, pengine kwa kuogopa gharama, pengine kwa sababu naye aamini kwamba unene ni ulafi na ulafi ni dhambi.

Sisi tuliosomeshwa na mapadre twaujua mfano huo wa fikira. Tulifundishwa orodha ya dhambi kubwa kwa kuimba, na ulafi ulikuwamo. Hatukufundishwa kwamba mwili wa mtu huupigania uzito wake, kwamba mtu apunguzaye kwa njaa tu mara nyingi huurudia uzito ule ule kwa sababu mwili hupunguza matumizi yake na kuongeza njaa. Hayo yamejulikana baadaye. Mvuta sigara mwenye saratani ya mapafu hutibiwa, na hakuna kijitabu kimwambiacho kwamba alijitakia.

Hatusemi kwamba upasuaji hauna hatari. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu 3 katika kila 1,000 walikufa ndani ya siku 30. Waliobaki hula vitamini maisha yao yote, na wengine hunenepa tena. Tangu mwaka 2021 zimekuja pia dawa mpya za sindano zinazopunguza uzito kwa kiasi ambacho dawa za zamani hazikuweza, na wengine husema upasuaji utapitwa na wakati. Huenda. Lakini bima zimezipokea dawa hizo kwa uso ule ule. Mpango wa bima wa watumishi wa jimbo la North Carolina uliacha kuzilipia kwa ajili ya kupunguza uzito tangu Aprili mosi, 2024, kwa sababu ya gharama. Mlango ukibadilishwa rangi bado ni mlango uliofungwa.

Wanaokataliwa na wasioweza kulipa hufanya nini? Wengine hukopa. Wengine huvuka mpaka kwenda Tijuana, katika nchi ya Mexico, ambako bei ni ndogo sana. Wako madaktari hodari huko, na wengi hurudi salama. Lakini Januari 2019 idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa iliwaonya wananchi wake, baada ya wagonjwa waliopasuliwa Tijuana, wengi wao kwa ajili ya unene, kurudi na vijidudu vya vidonda visivyosikia dawa. Mgonjwa wa namna hiyo hulazwa hospitali ya kwao, na bima iliyokataa upasuaji huenda ikaletewa hesabu ya kidonda.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Mwaka uliofuata, mwezi Machi, nchi nzima ilisikia mabishano baina ya Mfuko wa Taifa na wenye hospitali binafsi juu ya kitita kipya cha mafao, hata wengine wakasimamisha huduma kwa wanachama. Wengi walijifunza neno "kitita" wiki hiyo. Huko Mloganzila, tangu mwaka 2022, wamekuwa wakiwawekea watu puto tumboni ili kupunguza uzito, nao waendao si matajiri watupu. Kisukari na shinikizo la damu vimo katika nyumba zetu. Nani ameandika orodha ya yasiyolipwa, na mfanyakazi alikuwapo chumbani ilipoandikwa? Swali hilo ni letu pia.

Kwa wale wa Marekani kuna jambo la tarehe. Mikataba mingi ya bima za kazini huanza Januari mosi. Wafanyakazi huitwa kuchagua bima mwezi Oktoba au Novemba, nao hudhani huo ndio wakati wa kudai. Lakini maneno ya mkataba huwa yamekwisha kupangwa miezi kadha nyuma, wakati wa kiangazi, na mwajiri, wakala wake na kampuni ya bima. Anayetaka ule mstari ufutwe apeleke barua yake mezani mwezi wa Mei, pamoja na majina ya wenzake, kabla kijitabu cha mwaka ujao hakijapigwa chapa.